Sura ya Tisa: Mshono wa Dakika Tatu

"Afande, unanipima mwendo kasi?"

Fundi cherehani wa kona aliuliza bila kuinua macho. Miguu yake miwili ilikuwa kwenye kanyagio, mikono ikisukuma shuka la bluu chini ya sindano. Mpelelezi alisimama kando ya meza na simu yake mkononi, sekunde zikikimbia kwenye kioo.

"Endelea tu, mama. Fanya kama sipo."

"Nifanye kama hupo vipi, na umenizibia mwanga?"

Mpelelezi akasogea hatua mbili. Cherehani ililia mfululizo, halafu ikanyamaza. Fundi aliinua sindano, akageuza kitambaa, akachukua mkasi na kukata uzi. Sekunde arobaini na tatu, na huo ulikuwa upande mrefu wa shuka. Upindo wa sketi ukachukua kumi na tisa. Kola, sita.

"Mshono mrefu kuliko yote uliyowahi kushona ni upi?"

"Pazia la ukumbi. Hata hilo nilisimama mara nne. Uzi unakatika, kitambaa kinajikunja, mwenye nyumba anakuita."

"Na dakika tatu mfululizo, bila kusimama hata mara moja?"

Sasa fundi aliinua macho. "Dakika tatu? Hiyo si nguo, Afande. Huyo anashona barabara."

Mpelelezi aliandika namba zote tatu kwenye daftari lake, akashukuru, akaondoka.

Jalada alilokuwa nalo kwapani lilikuwa jembamba. Mwanamke wa miaka thelathini, mshona sare, mama wa mtoto mmoja wa kike aitwaye Kidoti, aliaga nyumbani Jumanne moja asubuhi kwenda kuanza kazi mpya aliyotafutiwa na mtu asiyejulikana. Hakurudi. Wiki ya nne nyimbo zikaanza kuingia kwenye simu ya nyumbani, mmoja kila Ijumaa. Ulikuwa wimbo uleule aliokuwa akimbembelezea mwanawe, sauti ileile. Ilipofika wiki ya nane, Mkuu wa kituo aliusikiliza wimbo wa tano, akasikia nyuma ya sauti cherehani inalia, akafunga jalada kwa sentensi mbili: *Anayeimba hajafa. Anayeshona ana kazi.* Chini yake akaongeza kwamba mhusika ameondoka kwa hiari.

Wiki ya kumi, mume wa mwanamke huyo, dereva wa lori, alirudi kutoka safarini, akazinakili nyimbo zote saba kwenye kadi na kuileta kituoni. "Afande, mke wangu nampenda, lakini wimbo hausemi yuko wapi." Akaiweka kadi mezani, akatoka.

Mpelelezi aliandika ombi kwa Mkuu: *Naomba msaada wa kuendelea kumtafuta.* Lilirudi na neno moja kwa wino mwekundu: *Vipi?*

* * *

Chumba cha mtu waliyemwita Masikio kilikuwa kimebandikwa trei za mayai kuta zote, na godoro kuukuu limesimamishwa nyuma ya mlango. Alikuwa amerekodi sauti za watu kwa miaka kumi na minne. Alisikiliza nyimbo zote saba macho amefumba, kisha akavua vifaa vya masikioni na kuviweka mezani taratibu.

"Afande, hizi hakuziimba mtu. Ni mashine. Akili bandia."

"Sauti ni yake. Mama yake mzazi ameitambua."

"Sauti ni yake kweli. Wamepata kipande cha sauti yake mahali fulani, hata sekunde ishirini zinatosha, wakailisha mashine. Lakini wimbo umetoka kwenye agizo. Mtu ameketi, ameandika maneno, mashine imeimba. Angalia pumzi." Aligusa kioo mahali michoro ya sauti ilipokuwa ikipanda na kushuka. "Mtu huvuta pumzi anapohitaji. Huyu anavuta kwa kipimo."

"Na cherehani?"

"Imeandikwa vilevile. Imo kuanzia wimbo wa tano, inakwenda dakika tatu nzima, mwanzo hadi mwisho, kama mvua."

Mpelelezi alifungua daftari kwenye ukurasa wa fundi wa kona. "Unaweza kumjua aliyeandika?"

"Jina lake siwezi. Lakini naweza kukwambia yukoje." Masikio alicheza wimbo wa kwanza. Tarumbeta ziliingia, ngoma zikafuata, na sauti ya mama ikazama katikati yake. "Huyu hapa ameandika 'wimbo mzuri wa mtoto kulala', basi. Ukiiambia mashine 'mzuri', inakupa ule inaodhani watu wote wanautaka. Sikiliza! Hili ni tangazo la sabuni. Mtoto gani atalala hapa?"

Akaruka hadi wa tatu. "Hapa ameshajua mwendo. Hasemi tena 'polepole', anataja mapigo. Sitini kwa dakika, ndiyo mkono unaopigapiga mgongo wa mtoto. Wa nne, ngoma zimetoka. Mashine haitoi ngoma usipoikataza, Afande, kwa hiyo amejifunza kukataza. Wa tano kaongeza kilichoko mkononi, cherehani. Na wa sita..."

Aliucheza wote. Sauti ilikuwa ndogo na ya karibu, haina haraka.

*Sindano lala, uzi lala,*
*mkasi funga mdomo,*
*mama anamaliza upindo.*

"Kwa wa sita ningemvulia kofia," alisema Masikio. "Kuna sentensi moja humo sijui aliiandikaje. Mimi mwenyewe sina."

"Na wa saba?"

"Takataka." Akaucheza. Ulikuwa wa sekunde hamsini na mbili tu. Sauti ilikuwa karibu mno, imekwaruza, nyuma yake ngurumo nzito isiyokoma. Cherehani ilianza, ikasimama, ikaanza tena. Kwenye mstari wa pili neno moja lilimezwa, kama limefumbiwa mdomoni. Mstari wa tano ulikatika katikati. "Ni kama amesahau yote aliyojifunza. Au mashine imejikwaa, huwa inajikwaa. Hata mwendo umepotea."

"Cherehani inasimama mara ngapi?"

"Mara mbili. Sekunde ya kumi na nane, na ya thelathini na tisa."

"Na lile neno linamezwa wapi?"

Masikio akarudisha nyuma. "Palepale. Kumi na nane."

Mpelelezi aliandika namba hizo chini ya zile za shuka, sketi na kola. Akazipigia mstari.

"Anayepanda ngazi hivi, hatua kwa hatua, ana mwalimu," Masikio aliendelea. "Na hatua hizi nazijua. Nani anaimba, kwa mwendo gani, ana nini mkononi, yuko wapi, na nini hatutaki. Ni maswali matano ya Chaki, yule wa darasa la jioni. Anafundisha Alhamisi."

Nyimbo ziliingia Ijumaa. Mpelelezi alitazama saa. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo.

* * *

Darasa lilikuwa nyuma ya ukumbi wa mikutano: kompyuta kumi na mbili zilizofunikwa kwa vitambaa dhidi ya vumbi, ubao, na mwalimu mwembamba ambaye mikono yake ilikuwa nyeupe hadi kwenye viwiko. Maswali matano yalikuwa ubaoni tayari, na la mwisho lilipigiwa mstari: *NINI HATUTAKI?*

"Wengi husahau hilo," Chaki alisema alipoona anavyolitazama. "Mtu anajua anachotaka, akidhani mwenzake atabahatisha asichokitaka. Hata kwenye ndoa, Afande."

"Naomba daftari la mahudhurio."

Alilipata jina kwenye mstari wa nne. *Baba Kidoti*, na mbele yake namba ya simu ileile iliyokuwa kwenye jalada. Alama za vyema zilikuwa sita. Alhamisi iliyopita palikuwa na kisanduku kitupu.

Mpelelezi alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Mume aliyeleta kadi kwa mkono wake. Mume anayejua kwamba mke anayeimba hatafutwi. Alifungua ukurasa mpya na kuandika tarehe.

"Huyu hukaa wapi akija?"

"Mbele kabisa. Hauoni ubao vizuri."

Dereva wa lori. Kalamu ikasimama. "Anavaa miwani?"

"Ya kusomea. Mguu mmoja wa miwani ulivunjika, umefungwa kwa uzi wa kushonea, mweusi."

"Mwalimu, huyu ni mwanamume?"

"Mwanamume gani?" Chaki alicheka, halafu uso wa mgeni wake ukamnyamazisha. "Ni mama mtu mzima. Mkwe wake ndiye aliyemjazia fomu ya darasa la kompyuta kabla hajasafiri, akakosea akaandika jina lake. Mama mwenyewe akasema tuache hivyohivyo, yeye hakuja kutafuta jina. Nina wanafunzi thelathini, hakuna anayeuliza kama yule. Siku moja aliniuliza: mwalimu, nikitaka aimbe kama mtu aliyechoka lakini hajakasirika, naandikaje? Nikamwambia, mama, andika hivyohivyo ulivyosema."

"Ana kompyuta nyumbani?"

"Hana. Kazi zake zote anafanyia hapa, halafu anazihamishia kwenye simu kwa waya."

"Na Alhamisi iliyopita?"

"Hakuja. Presha ilimpanda, akalazwa siku mbili."

Mpelelezi alihesabu tena alama kwenye daftari la mahudhurio, akizigusa moja moja kwa ncha ya kalamu. Sita.

* * *

Bibi yake Kidoti, mama wa mwanamke aliyepotea, alikuwa akipiga pasi sare ya shule. Mfuko wa plastiki wenye daftari na penseli ulikuwa tayari mlangoni, na miwani yenye uzi mweusi ilikuwa imekaa kichwani. Pembeni ya chumba palikuwa na cherehani iliyofunikwa kwa shuka jeupe, imebanwa kwa vibanio pande zote nne ili vumbi lisiingie.

"Karibu, mwanangu. Utanisamehe, nina safari kidogo."

"Safari ya darasani, Mama?"

Pasi ilisimama. Bibi aliinyanyua haraka kabla haijaunguza, akaiweka wima. Hakukana. Alivuta kiti, akakaa, akashusha miwani machoni kana kwamba ameletewa barua.

"Mtoto hakulala siku kumi na tisa," alisema. "Anasinzia, anashtuka, anauliza mama ameimba? Mimi sauti yangu ni ya kuitia kuku. Nilikuwa na kipande kidogo kwenye simu, mama yake akishona huku anaimba, hata dakika haifiki. Nikamchezea. Akasema, Bibi, hii ni ya zamani, nataka ya leo." Alijifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na maji. "Ndipo nikasikia kuna darasa."

"Na ukamwambia mama ametuma."

"Nilimwambia hivyo. Yeye akamwambia baba yake, baba yake akawaambia ninyi. Mlipokuja kuuliza nikasema namba imefichwa. Ningesemaje, na mtoto amekaa mapajani?"

"Mkuu alifunga jalada, Mama. Wiki ya nane. Alisikia cherehani kwenye wimbo wa tano, akaandika kwamba ana kazi na ameondoka kwa hiari."

Nje mtoto alikuwa akiruka kamba, akihesabu kwa sauti na kurudia kumi na tatu mara mbili.

"Kumbe ni mimi niliyewaambia mwache kumtafuta," Bibi alisema.

Mpelelezi alinyoosha mkono. "Naomba daftari."

Maagizo yalikuwa kwa penseli, mwandiko mkubwa, kila moja na ukurasa wake. La kwanza lilikuwa maneno sita. La sita lilijaza ukurasa:

*Mwanamke wa miaka thelathini, peke yake, asiwe na kikundi nyuma. Mapigo hamsini na nane kwa dakika. Sauti ndogo, karibu na sikio, kama mtu aliyechoka lakini hajakasirika. Mkononi ana nguo anashona, cherehani isikike kwa mbali, isimzidi. Yuko kwenye chumba kidogo, dirisha liko wazi. Hatutaki ngoma, hatutaki tarumbeta, hatutaki makofi. Mwisho usikatwe ghafla, uishe polepole kama taa inayopunguzwa.*

Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe.

"La saba liko wapi?"

"La saba lipi? Nimeandika sita. Wiki iliyopita nilikuwa wodini."

"Hukuusikia Ijumaa ulipowekwa?"

"Mimi huwa sisikilizi naye, mwanangu. Nikishamwekea natoka nje. Siwezi. Niliporudi Jumamosi aliniambia mama ameimba, nikajua amejichezea wa zamani."

Mpelelezi aliomba simu. Alifungua kwanza faili zilizoingia kwa waya: sita, zote za Alhamisi jioni. Akafungua ujumbe. Wa saba ulikuwa huko, peke yake, umeingia Ijumaa saa saba na dakika ishirini mchana. Juu yake palikuwa na namba ya simu, tarakimu zote, haijafichwa.

Mlango ukasukumwa. Kidoti aliingia na kamba yake shingoni, akaona simu mikononi mwa mgeni, akasogea. Alikuwa na alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kushoto.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huu wimbo unaujua?"

Mtoto alichungulia kioo. "Huo ni wa mama."

"Na hizi nyingine si za mama?"

Kidoti alifikiri, akizungusha ncha ya kamba kwenye kidole. "Hizo nyingine mama anaimba vizuri," alisema. "Huu anaimba kama mama."

Bibi alishika ukingo wa meza. "Uweke," alisema. "Uweke nisikie."

Ngurumo kama ya jenereta ikajaza chumba, na chini ya ngurumo, mara hii, Mpelelezi alisikia cherehani za umeme nyingi zikilia kwa wakati mmoja. Mojawapo ilikuwa jirani kabisa na sauti. *Sindano lala, uzi lala.* Sekunde kumi na nane. Cherehani ile ya jirani ikasimama, na neno *mkasi* likatoka limefumbwa, nusu yake ndani, nusu nje.

"Anakata uzi kwa meno," Bibi alisema. Machozi yalikuwa yanashuka bila kufutwa. "Huo ni uzi uko mdomoni. Nimemkataza tangu ana miaka kumi na miwili, meno yataharibika, nikasema hadi nikachoka. Mashine gani itajua hilo? Mimi mwenyewe sikukumbuka kuliandika."

Sekunde thelathini na tisa ikasimama tena. Mishono miwili mifupi, ya mtu mwenye nguo halisi mkononi na simu aliyoificha mapajani. Kisha mstari wa tano ukakatika.

"Kwa nini hamalizii?" Kidoti aliuliza.

"Alikuwa kazini," Mpelelezi alisema.

"Sasa atamalizia lini?"

Bibi alimwambia akaendelee kuruka, akamsindikiza kwa macho hadi mlangoni, kisha akageuka.

"Mwanangu, Mkuu wako utamwambia nini?"

"Nitaandika ombi. La kwanza alilirudisha."

"Ulimwandikiaje?"

"Naomba msaada wa kuendelea kumtafuta."

"Hiyo ni sawa na kuandika 'wimbo mzuri'," Bibi alisema. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa mweupe, akalisukuma mezani pamoja na penseli. "Usimwombe msaada. Mwambie unachokitaka. Na usichokitaka."

Mpelelezi aliandika akiwa amesimama.

*Mwanamke wa miaka thelathini, mshonaji, alikuwa hai Ijumaa iliyopita saa saba na dakika ishirini mchana. Mwendo: leo, kabla simu hiyo haijagunduliwa. Mkononi tunayo namba aliyotumia; kampuni ya simu itaje mnara uliopokea ujumbe. Yuko kwenye jengo kubwa lenye jenereta na cherehani za umeme zisizopungua kumi, mahali ambapo wafanyakazi hawaruhusiwi simu. Nahitaji askari wanne, nguo za kiraia. Hatutaki ving'ora, hatutaki magari yenye rangi ya polisi, hatutaki mtu yeyote kuipigia namba hiyo.*

Aliweka sahihi. Alipokuwa akichomoa ukurasa, Bibi alimshika mkono, akachukua penseli na kuinama karibu sana na karatasi. Aliandika mstari mmoja chini ya sahihi ya askari, kwa mwandiko wake mkubwa:

*Mwisho usikatwe ghafla.*

Mpelelezi aliusoma. Alikunja karatasi mara mbili, mstari ule ukiwemo, akaitia mfukoni na kutoka kwenda kwa Mkuu.